UZI: Rotala macrandra kwa maji ya Nairobi – pima KH kabla hujanunua taa

FundiTangi (Kileleshwa)

Wadau, salaam. Maswali ya macrandra yamekuwa mengi humu, na karibu yote huanza na taa: wati ngapi, rangi gani, ya duka gani. Kwa hapa Nairobi taa ni jambo la tatu. La kwanza ni maji, la pili ni gesi ya CO2. Tuyamalize hapa. Hesabu zangu zote ni za tangi la samaki na mimea lenye lita 100 za maji. Mwenye lita 60 azidishe kwa 0.6.

Kwa wasioufahamu: Rotala macrandra ni mmea wa kusini mwa India, ukoo mmoja na hina na mkomamanga. Jani lake ni jembamba kama karatasi ya shashi, pana kwa mmea wa shina, na rangi huanzia waridi hadi wekundu uliokolea. Una jamaa wa majani madogo wanaouzwa kama "mini", ambao ni wavumilivu kiasi. Uzi huu ni wa macrandra yenyewe, ile ya majani makubwa, isiyosamehe.

Sasa maji. Maji ya bomba ya jiji hutoka zaidi Ndakaini, na mengine Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Maji ya mabwawa yale ya milimani kwa kawaida ni laini, na macrandra inayapenda. Shida ni kwamba mitaa mingi haipati maji ya bomba peke yake. Kukiwa na mgao, mwenye nyumba anafungulia kisima au anaita lori la maji, na yote yanaingia tangi moja la juu. Jumatatu KH (kipimo cha bikaboneti majini) ni 2, Ijumaa ni 9. Mmea uliokuwa ukikua vizuri unakunja ncha ndani ya siku chache, nawe unalaumu mbolea.

Kwa hiyo pima KH na GH (kalsiamu na magnesiamu) kila unapobadilisha maji, kutoka kwenye ndoo, kabla hujamwaga. Vile vijiti vya karatasi ni vya kubahatisha; tumia dawa ya matone. Ukipima mililita 5, tone moja ni digrii moja. Ukipima mililita 10 kwa dawa ileile, tone moja ni nusu digrii, na kwa mmea huu nusu digrii ina maana. Lengo ni KH 0 hadi 2, GH 3 hadi 5. KH 4 utaona ukuaji lakini majani yatakuwa madogo. Kupita 6 sikushauri ujaribu. Weka Ludwigia, mmea mvumilivu zaidi, uwe na amani.

Na usisahau klorini. Gramu 1 ya thiosalfeti ya sodiamu kwa lita 100 inatosha na kubaki.

Syokimau_B14

Asante fundi. Huku kwetu ni kisima tupu, bomba hatulijui. GH inasoma 2, KH inasoma 13. Sasa sielewi: GH ni ndogo, si maana yake maji ni laini? Jirani anasema nichemshe, chokaa itakaa chini ya sufuria.

Kemia_Rongai

Ndugu, hapo ndipo visima vya Nairobi vinapodanganya watu. GH hupima kalsiamu na magnesiamu. KH hupima bikaboneti, bila kujali imeshikana na nini. Maji yaliyokaa ndani ya miamba ya volkano ya huku kwetu yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Ndiyo maana sabuni inatoa povu zuri, GH inaonekana ya kupendeza, na KH iko juu ya paa. Mara nyingi floridi nayo iko juu, lakini hiyo ni habari ya meno.

Kuchemsha hufanya kazi pale bikaboneti iliposhikana na kalsiamu: ikichemka, chokaa inaganda na KH inashuka. Bikaboneti ya sodiamu haigandi hivyo. Utamaliza gesi ya jikoni, na maji yakipungua KH itakuwa kubwa kuliko mwanzo. Vile vilainisha maji vya nyumbani vinavyowekwa chumvi navyo havisaidii, kwa sababu hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Bikaboneti inabaki palepale.

Hesabu ya haraka: KH 13 ikitokana na sodiamu yote, ni zaidi ya mg 100 za sodiamu kwa lita. Mmea wenye kiu ya kalsiamu na potasiamu unaogeshwa kwa sodiamu. Ncha zitakunjika hata ukiweka taa ya uwanja wa Kasarani.

TaaKwanza

Si mtie asidi tu? Asidi ya haidrokloriki ya kusafishia vigae, matone kadhaa, KH inashuka mpaka 2 na kazi imekwisha.

Kemia_Rongai

KH itashuka, kweli. Sodiamu yote itabaki, na kloridi itaongezeka. Umeondoa kipimo, chumvi umeziacha. Tena asidi ya vigae mara nyingi ina chuma na uchafu mwingine ambao hakuna aliyeupima. Ukiimwaga ndani ya tangi lenye samaki, bikaboneti yote inageuka CO2 kwa mpigo mmoja na samaki wanalala ubavu. Sitaki kuona mtu akifanya hivyo.

Syokimau_B14, njia yako ni kuchanganya. Maduka ya kujaza chupa za lita 20 yanayotumia mashine ya RO (inayochuja chumvi za maji kwa utando) yako kila mtaa. Nenda na kipimo cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini) mfukoni: ikisoma chini ya 20, chukua. Ikisoma 60 au 80, aidha utando wa mashine umechoka au mwenye duka anarudishia madini kwa ajili ya ladha, muulize. Maji ya RO yenye KH 0 yakichanganywa sehemu saba kwa sehemu moja ya kisima chako yanakupa KH ya takriban 1.6. Mimi ningeacha kisima kabisa na kutumia RO tupu, kisha nirudishe madini kwa mizani.

Kwa lita 100 za RO: jasi (salfeti ya kalsiamu) gramu 6, chumvi ya haluli (salfeti ya magnesiamu) gramu 5. Hiyo inakupa kalsiamu mg 14 na magnesiamu mg 5 kwa lita, GH kama 3. Jasi huyeyuka polepole, kwa hiyo ikoroge kwenye ndoo usiku, uitumie asubuhi. Ukimwaga unga moja kwa moja tangini utaona maji meupe na utashtuka bure. KH iache 0 au tia soda ya kuokea gramu 3, itafika 1.

Mama_Shrimpi

Na maji ya mvua? Masika na vuli tunayakinga bure.

FundiTangi (Kileleshwa)

Dada, ni mazuri sana kwa KH, ni sifuri. Tatizo ni paa. Mabati mapya yaliyopakwa zinki hutoa zinki, na kamba wadogo ndio huanza kufa. Mabati ya zamani au vigae vya udongo ni salama zaidi. Acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi, na katika kila mvua mwaga maji ya dakika 15 za mwanzo. Pitisha kwenye mkaa amilifu kabla ya kutumia, kisha rudisha madini kama alivyosema Kemia.

MtungiWaPili

Niingie kwa gesi. Bila CO2 ya mtungi macrandra haitadumu. Wapo watakaobisha, lakini waonyeshe picha ya mwezi wa sita, si ya wiki ya pili.

Mtungi wa kilo 2 hadi 5, regyuleta yenye vali ya umeme na vali ya sindano, mpira usiopitisha CO2 (ule wa silikoni laini hupoteza gesi, nunua wa poliyurethani), difyuza ya kauri (inayopasua gesi kuwa mapovu madogo) chini ya mkondo wa filta. Mshale wa geji ya regyuleta utasoma kama bar 55 hadi 60 kwa joto la chumba, na utakaa hapohapo mtungi ukiwa umejaa au ukiwa robo, kwa sababu ndani ni kimiminika. Ukiona umeanza kushuka, kimiminika kimekwisha na siku zako ni chache. Regyuleta ya hatua moja inaweza kuachia gesi nyingi ghafla wakati huo, kwa hiyo mtungi ukianza kushuka, peleka ukajazwe. Usisubiri sifuri. Kenya gesi hii inachimbwa ardhini, kampuni ya Carbacid huitoa Kereita kule Lari, kwa hiyo upungufu si kisingizio.

Asiyeweza mtungi: chupa mbili za lita 2, moja asidi ya sitriki gramu 200 na maji mililita 600, ya pili soda ya kuokea gramu 200 na maji mililita 200, na kifuniko chenye vali. Hapo utapata CO2 isiyozidi gramu 105. Kwa tangi la lita 40 ni sawa, kwa lita 100 utakuwa unapika kila mara. Hamira na sukari sahau. Kasi yake hupanda na kushuka na joto la chumba, na macrandra inachukia CO2 inayoyumba kuliko CO2 kidogo.

Kuhesabu mapovu kwa sekunde si kipimo. Pima pH ya maji ya tangi yaliyopuliziwa hewa usiku kucha kwenye glasi, kisha pima pH ya tangi saa mbili baada ya gesi kuwaka. Tofauti iwe 1.0 hadi 1.2. Ndani ya tangi lenye KH 1, CO2 ya mg 30 kwa lita inakaa pH 6.0. Mwenye KH 12 atafikisha mg hizohizo pH ikiwa 7.1. Ndiyo maana "weka pH 6.5" ni ushauri usio na maana usipotaja KH.

Syokimau_B14

Kile kikombe kidogo cha kioo kinachobadilika rangi, dawa yake natengenezaje? Niliyouziwa na kikombe inakaa bluu siku nzima.

MtungiWaPili

Pengine walikutia maji ya bomba ndani. Lazima iwe maji ya KH 4 kamili. Nunua maji ya betri kituo cha mafuta (MAJI, si asidi, soma chupa mara mbili). Tia soda ya kuokea gramu 1.2 kwenye lita 1 ya maji hayo. Chukua mililita 100 za mchanganyiko huo uongeze maji ya betri mililita 900. Hiyo ni KH 4. Matone matatu ya dawa ya kupimia pH ya aina ya bluu ya bromothimoli kwa kikombe kimoja. Kijani ni CO2 ya mg 30 kwa lita, bluu ni pungufu, manjano ni hatari kwa samaki. Kumbuka kinachelewa saa moja hadi mbili, kwa hiyo rangi ya saa nane mchana ni habari ya saa sita au saa saba.

Gesi iwake saa moja na nusu kabla ya taa, izime saa moja kabla taa hazijazima.

Ngong_Hewa

Nyongeza ambayo watu wa nchi za pwani hawawezi kuwaambia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maji ya joto la 25 yaliyoshiba hewa usawa wa bahari yana oksijeni kama mg 8.2 kwa lita. Hapa ni kama 6.7. Samaki wako anaanza siku akiwa na akiba ndogo. Ukifuata video ya mtu wa Mombasa au wa Ulaya anayesukuma CO2 hadi kikombe kiwe manjano hafifu, samaki wake watapona na wako watapanda juu kuhema.

Dawa yake ni uso wa maji kutikisika vizuri. Utapoteza gesi kidogo, ongeza gesi. Elekeza bomba la filta juu kidogo, uso uwe na mawimbi madogo bila kupasuka. Na usiku, taa zikizima, pampu ya hewa iwake mpaka alfajiri.

TaaKwanza

Haya, mmesema maji, mmesema gesi. Sasa nirudishieni taa yangu. Mimi nashikilia kwamba nyekundu hutengenezwa na mwanga mkali. Mtu mwenye KH 1 na taa hafifu atapata macrandra ya rangi ya kahawia.

FundiTangi (Kileleshwa)

Hapo tuko pamoja. Nilisema ni ya tatu, sikusema haina kazi. Kwa tangi la kina cha sm 40, lumeni 50 hivi kwa kila lita, yaani 5,000 kwa lita 100. Taa ya LED ya nje ya wati 50 ya kweli inafikia hapo. Tatizo la ile taa ni kwamba nyekundu yake ni haba, kwa hiyo jani jekundu machoni pako linaonekana la kahawia hata kama rangi imo. Taa yenye diodi nyekundu, kijani na bluu huionyesha. Kabla hujalaumu mmea, toa shina moja uliangalie juani.

Anza na saa 6 kwa siku, ongeza nusu saa kila wiki mpaka saa 8. Mwanga mkali kwa CO2 pungufu huleta mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za majani ya chini, na jani laini kama hili ukishausugua limechanika.

MizaniNdogo

Mbolea. Msinunue chupa ndogo za rangi zinazouzwa kwa bei ya manukato. Chumvi hizi ndizo wakulima wa maua wanazotumia, na agroveti kubwa za mjini zinazo: nitreti ya potasiamu (mfuko umeandikwa 13-0-46), fosfeti ya potasiamu (0-52-34), salfeti ya potasiamu, salfeti ya magnesiamu. Tafuta mwenye kukupimia kilo moja. Nunua pia mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01.

Nitreti ya kalsiamu ya shambani iacheni, hata kama inaonekana kuleta kalsiamu na nitrojeni kwa pamoja. Ndani yake mna amonia kidogo, na kwa tangi jipya hiyo kidogo inatosha kuamsha mwani.

Chupa A, mililita 500 za maji ya RO: nitreti ya potasiamu g 25, salfeti ya potasiamu g 25, fosfeti ya potasiamu g 3.5. Mililita 10 kwa lita 100 zinaongeza nitreti mg 3, fosfeti nusu mg, potasiamu kama mg 4 kwa lita. Mara tatu kwa wiki.

Chupa B, mililita 500: mchanganyiko wa madini madogo wenye chuma cha DTPA (DTPA ni kifungo kinachozuia chuma kuganda; EDTA na EDDHA ni vifungo vingine). Kama chuma ni asilimia 11, gramu 4.5. Mililita 10 zinaleta chuma mg 0.1 kwa lita. Mara mbili kwa wiki, siku tofauti na A. Chuma cha EDTA kinafaa maji yenye pH chini ya 6.5, juu ya hapo huachana na kifungo chake na kuganda. Cha EDDHA kinadumu lakini kinageuza maji kuwa mekundu kama chai ya rosela, na hapo rangi unayoiona ni ya maji.

A na B zisikutane chupa moja. Chuma na fosfeti vitaganda, utaona vumbi la manjano chini. Jasi nayo isitiwe kwenye A.

TaaKwanza

Nitreti 9 kwa wiki? Watu wa tangi za kisasa wanaweka 20 na zaidi. Mmea wa haraka unakula sana.

MizaniNdogo

Kwa Rotala rotundifolia au Ludwigia weka 20, hutajuta. Macrandra ikilishwa nitreti nyingi inakuwa ndefu, pingili zinaachana, jani linapauka kuwa la chungwa. Ikinyimwa kabisa inakuwa nyekundu wiki mbili, halafu majani ya chini yanakuwa ya njano na kudondoka kwa sababu mmea unahamisha nitrojeni kwenda juu. Kaa kati ya mg 5 na 10 ndani ya maji, upime. Samaki wengi nao wanaleta nitreti. Mwenye samaki 40 aina ya tetra apunguze chupa A nusu na aongeze salfeti ya potasiamu peke yake.

Kitu kinachoua macrandra haraka kuliko nitreti ni madini madogo kupita kiasi. Ncha zinajikunja, majani mapya yanakuwa membamba na yenye makunyanzi. Watu wakiona hivyo huongeza chuma, na hapo wameimaliza. Badilisha nusu ya maji, acha chupa B siku kumi, uone ncha inayofuata.

Mama_Shrimpi

Udongo je? Ule wa kununua wa Japani ni ghali. Bustani nina wekundu, na kwa shemeji Embakasi kuna mweusi.

Kemia_Rongai

Mweusi wa pamba usiuguse. Unavimba na kupasuka, una vijiwe vya chokaa ndani, KH itapanda bila kukoma. Mwekundu wa Kikuyu ni mwingine: una chuma kingi, una asidi kidogo, na unashika fosfeti kwa nguvu sana, ndiyo maana fosfeti yako majini itasoma sifuri miezi ya mwanzo. Chukua wa kina cha sm 30 na zaidi, usio na mbolea wala majani, uloweke na kumwaga maji mara kadhaa, chekecha. Tandaza sm 2, funika kwa mchanga wa mto wa milimita 1 hadi 2, unene wa sm 4 hadi 5. Ukiufunika kidogo, kila ukipanda shina maji yanageuka rangi ya matope.

Mchanga wa Machakos ni mzuri, lakini kila lori lina mambo yake. Dondoshea siki, ukisikia unachemka, una chokaa, rudisha.

Udongo wa kununua bado una faida moja ambayo wekundu hauna: unanyonya KH. Mwenye maji ya bomba ya KH 3 atapata 1 kwa miezi mingi. Mwenye kisima cha KH 13 atauchosha ndani ya wiki chache, na pesa imeenda. Ukiwa mpya hutoa amonia, kwa hiyo badilisha nusu ya maji mara tatu kwa wiki katika wiki tatu za mwanzo, samaki wasiwemo.

Syokimau_B14

Nimeelewa. Kwenye kupanda sasa: mashina yanakuja na majani magumu ya kijani, hayafanani na picha.

FundiTangi (Kileleshwa)

Hayo yamekuzwa hewani, nje ya maji. Majani hayo yatayeyuka, yote, na hakuna dawa. Usihukumu mmea kwa majani uliyonunua, angalia ncha. Majani mapya ya majini yakianza kutoka laini na ya waridi ndani ya wiki mbili hadi nne, umefaulu.

Kata chini ya kifundo, shina la sm 8 hadi 10. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini kwa mkasi, usivute, ngozi ya shina inachubuka na kuoza. Shika mwisho wa shina kwa koleo ndefu, lizamishe sm 3 hadi 4 kwa mshazari, kisha achia koleo polepole ukilitikisa ili lisitoke nalo. Shina moja moja, nafasi ya sm 3. Watu hupanda kifungu kizima kama walivyouziwa, na uzi wa risasi juu yake. Katikati hapaingii mwanga wala mkondo, shina linaoza kuanzia ndani.

Macrandra haipendi kunyolewa juu kama ua la uani. Ikifika sm 5 chini ya uso wa maji, kata ncha za sm 10, zipande upya, ng'oa vikonyo vya zamani. Ukiviacha vitachipua mashina mawili membamba kila kimoja, na ukivikata tena ni membamba zaidi. Kama unataka kuongeza idadi viache mara moja, basi.

Ngong_Hewa

Hita msidharau. Kuanzia Juni hadi Agosti maji ya chumba kisicho na jua yanaweza kushuka chini ya 20, na mmea unasimama. Nyuzi 24 ni pazuri. Wati 100 kwa lita 100. Kupita 28 nako si kuzuri, lakini kwa Nairobi hiyo ni shida ya nadra.

Na stima. Taima ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukipotea, kwa hiyo baada ya kukatika saa tatu ratiba yako yote imesogea saa tatu. Ukiwa na taima mbili, moja ya gesi na moja ya taa, na ziko kwenye saketi tofauti, utakuta gesi inawaka usiku bila taa. Nunua za kidijitali zenye betri, au ziweke zote kwenye waya mmoja wa kurefusha. Vali ya umeme iwe ya aina inayojifunga umeme ukikosekana. Zipo zinazobaki wazi. Zijaribu kwa kuchomoa plagi kabla hujafunga mtungi.

Mama_Shrimpi

Majani yangu ya juu ni mazuri, mekundu. Nusu ya chini ya shina ni mfupa mtupu. KH 2, gesi ya mtungi, kikombe kijani.

MizaniNdogo

Dada, nitreti inasoma ngapi?

Mama_Shrimpi

10.

MizaniNdogo

Basi si njaa ya nitrojeni. Kama majani yalipata matundu madogo kabla ya kuanguka, ni potasiamu. Kama yaligeuka maangavu kama plastiki na kuyeyuka, angalia mkondo.

Mama_Shrimpi

Maangavu. Matundu hakuna. Nimepanda mashina kama 30 kona ya nyuma, upande wa mbali na filta.

FundiTangi (Kileleshwa)

Jibu ni hilo. Kikombe chako kiko upande wa filta, kinasoma gesi ya pale. Kihamishe nyuma ya mashina, usawa wa chini, uache mpaka kesho mchana. Naamini kitakuwa bluu. Punguza mashina yabaki 15, na elekeza bomba la filta lipite mbele ya kioo liguse kona ile. Majani ya chini yanapaswa kuyumba kidogo. Yakiwa yametulia tuli, gesi haifiki. Mashina uliyotoa mgawie Syokimau.

Syokimau_B14

Nayachukua. Ila RO yangu haijawa tayari, madini nanunua Jumamosi.

Kemia_Rongai

Usiyatie kwenye maji ya kisima hata siku moja kwa kusubiri. Yaweke kwenye ndoo ya maji ya RO yenye jasi na haluli kidogo, karibu na dirisha lisilo na jua kali; yatavumilia mpaka Jumamosi. Na mnaopunguza mimea, mabaki yakaushwe juani au yatiwe kwenye mboji. Yasitupwe mtaroni wala mtoni, gugumaji la Ziwa Victoria linatutosha. Mnaofikiria kuagiza mashina nje ya nchi, kibali cha KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya) kwanza, kabla ya kulipa muuzaji.

Mama_Shrimpi

Nimehamisha kikombe jana. Ni bluu kabisa. Napunguza mashina jioni hii.

MtungiWaPili

Ukishageuza mkondo usiguse vali ya sindano mpaka usome kikombe tena hapo nyuma. Kikibaki bluu baada ya siku mbili, ongeza gesi kidogo sana, subiri saa tatu ukiwa nyumbani unaangalia samaki. Usiongeze jioni ukaenda kulala.